Msumeno wa meza kwa fundi asiyeona: cha kubadilisha na cha kuacha

Swali: Mimi ni fundi seremala wa miaka mingi. Glakoma imenichukua macho. Jicho la kulia linaona mwanga na vivuli tu. Nina msumeno wa meza wa diski ya milimita 250, meza yake ni ya chuma kizito na fensi, yaani ile reli ya kuegemezea mbao, inafungwa kwa wenzo. Kila mtu ananiambia niuuze. Mimi nataka kurudi kupasua na kukata mwenyewe. Nibadilishe nini, nitapima vipi, na je, ninunue ile mashine inayosimama yenyewe ikigusa kidole?

Jibu: Usiuze, fundi. Wapo mafundi wasioona hata mwanga wanaoutumia msumeno wa meza kila siku. Siri yao haiko kwenye kifaa kimoja cha ajabu, iko kwenye mpangilio: kazi yote ya vidole inaisha diski ikiwa imekufa na plagi imechomolewa, na diski ikishaanza kuzunguka mikono inashika vitu ambavyo njia yake imefungwa, kiasi kwamba hata ukijisahau mkono hauwezi kufika kwenye meno. Fundi anayeona hurekebisha makosa katikati ya mkato kwa jicho. Wewe utayamaliza makosa kabla ya kuwasha. Kila ninachokueleza hapa kinatoka kwenye kanuni hiyo.

Nianze na hilo jicho linaloona vivuli, maana ndilo linalonitia hofu kuliko upofu kamili. Mtu mwenye uoni mdogo huinama kuusogelea mkato ili ahakikishe, na hapo uso unakuwa kwenye mstari wa mbao inayoweza kurushwa, na mkono unafuata uso. Usiinamie diski inayozunguka kwa sababu yoyote. Jizoeze kufanya kazi yote kwa mguso na sikio kana kwamba mwanga huo haupo. Utumie kujua dirisha liko wapi, basi.

Umeme na kusimama kwa diski

Weka swichi ya sumaku, ile ambayo umeme ukikatika na kurudi mashine haiwaki yenyewe. Kitufe cha kuzimia kiwe kibao kikubwa mbele ya meza, usawa wa goti au paja la kushoto, ukizime kwa mguu bila kuachia mbao. Karibu na swichi funga ndoano ya kutundikia plagi. Kabla ya kugusa diski, mkono uishike plagi kwenye ndoano kwanza. Ukiigusa plagi, una uhakika. Kumbukumbu ya kwamba uliichomoa haitoshi.

Tatizo kubwa zaidi ni diski inayoendelea kuzunguka baada ya kuzima. Mashine isiyo na breki inaweza kuzunguka sekunde 15 au zaidi, na diski nzuri yenye makali ikizunguka bila mzigo haina kelele kubwa, hasa mashine ya kufyonza vumbi ikiwa bado inanguruma. Kama mashine yako ina breki inayosimamisha diski ndani ya sekunde 10, vizuri. Kama haina, mwambie fundi umeme akufungie rilei ya kuchelewesha inayopiga king'ora kidogo tangu unapozima hadi muda uliopimwa uishe. Muda huo upime kwa diski nzito kuliko zote unazotumia, kisha uongeze sekunde 5. King'ora kikilia, mikono iko kifuani. Na mashine ya vumbi izimwe kabla ya msumeno, ili sikio libaki na sauti moja ya kufuatilia.

Diski isikae juu ya meza kazi ikiisha. Kila ukimaliza mkato au seti ya mikato inayofanana, zima, subiri, ishushe hadi chini ya uso wa meza. Inachosha mwanzoni. Lakini karakana ambamo mkono ukipapasa meza unakuta meza tupu ni tofauti kabisa na ile ambamo unapapasa ukiomba.

Kupima bila kuona

Hapa ndipo mafundi wengi hukata tamaa, na hapa ndipo palipo rahisi kuliko wanavyodhani. Acha namba za kwenye reli. Tengeneza seti ya vipande vya unene uliopimwa: milimita 1, 2, 2, 5, 10, 20, 20, 50 na 100. Kwa vipande hivyo 9 unaunda kipimo chochote kamili kuanzia milimita 1 hadi 210, kama mawe ya mizani yanavyounda uzito wowote. 37 ni 20, 10, 5 na 2. Vya 1 na 2 vikatwe kwenye bapa la aluminiamu, vya 5 hadi 20 kwenye aluminiamu au plastiki ngumu. Vya 50 na 100 vinaweza kuwa mbao ngumu, ila kipimo kifuate urefu wa nyuzi, kwa sababu mbao huvimba na kusinyaa kwa upana, na kwa urefu karibu haibadiliki. Chora alama kwa tupa pembeni: mfuo mmoja kwa 1, miwili kwa 2, mitano kwa 5, kuanzia 10 toboa matundu, tundu moja kwa kila kumi, na cha 100 kikatwe kona. Kama unasoma breli, bandika breli, lakini alama za tupa hazibanduki.

Kwa vipimo vya kati unahitaji bolti ya M6. Uzi wake wa kawaida una hatua ya milimita 1, yaani nati ikizunguka mara moja inasogea milimita 1, nusu mzunguko ni nusu milimita, na nati ya pembe sita ikisogea ubapa mmoja ni sehemu ya sita ya milimita. Chukua fimbo ya M6 ya sentimita 30, nati ndefu, na kipande cha bomba kinachoingia fimbo bila kucheza, na umepata rula ya mguso. Piga ubapa kwa tupa upande mmoja wa fimbo na uweke mfuo kila milimita 10, ili usihesabu mizunguko 120. Usichukue M8 kwa kudhani ni imara zaidi: hatua yake ni 1.25, na hesabu itakuvuruga. Kalipa na futi zinazosema vipimo kwa sauti zipo na zinafaa, ila zitumie kuhakiki. Kuseti mashine kwa vipande ni haraka zaidi na hakuna betri ya kuisha.

Kuseti fensi: plagi kwenye ndoano, diski imepandishwa. Zungusha diski kwa mkono kinyume cha mzunguko wake, tafuta kwa ukucha jino ambalo ncha yake imeelekea upande wa fensi. Pima kutoka kwenye jino hilo, si kwenye bapa la diski, yaani mwili wake ulio mwembamba kuliko meno. Diski yenye mkato wa upana wa milimita 3.2 mara nyingi ina bapa la milimita 2.2, hivyo ukipima kwenye bapa kila kipande kitatoka kimepungua nusu milimita. Weka rundo la vipande dhidi ya fensi, sogeza fensi hadi rundo liguse jino, kisha zungusha diski taratibu kinyume. Unachotaka kusikia ni mkwaruzo mwepesi bila rundo kusukumwa. Likisukumwa, umebana mno. Ukimya maana yake umeacha nafasi. Funga wenzo, halafu rudia jaribio, kwa sababu fensi nyingi husogea robo milimita zinapofungwa. Ukitaka kusogeza kidogo, funga kwa klampu kibao chenye bolti ya M6 kwenye reli, ncha ikiegemea fensi: robo mzunguko, robo milimita. Futa vumbi kwenye vipande kila mara. Chembe moja katikati ya kila viwili inatosha kuharibu kazi.

Urefu wa diski ni rahisi zaidi. Weka mbao yenyewe utakayokata kando ya diski, juu yake weka kipande cha milimita 5, juu yake rula ya chuma iliyochomoza juu ya diski. Pandisha huku ukizungusha diski kwa mkono mwingine hadi jino liguse rula. Usitegemee kuhesabu mizunguko ya gurudumu la kupandishia. Katika mashine nyingi diski hupanda kwa kufuata tao, kwa hiyo mzunguko mmoja chini hauleti kimo sawa na mzunguko mmoja juu. Na malizia daima kwa kupandisha. Ukizidisha, shusha chini kabisa ya kimo unachotaka kisha panda tena, ili ulegevu wa gia usikudanganye.

Kuhakiki kwamba mashine imenyooka

Usambamba wa diski na mfereji wa meza unapimwa vizuri kwa sikio. Funga kibao kwenye kipimapembe, kile kinachoteleza kwenye mfereji huo, kibao kiwe na skrubu ya shaba inayoelekea diski. Chagua jino moja, lilete mbele, kaza skrubu hadi iguse na kulia tiki. Zungusha diski ulete jino lilelile nyuma, sogeza kipimapembe, sikiliza. Ikigusa kwa nguvu zaidi au isipogusa kabisa, pima pengo kwa karatasi ya kawaida ya kuandikia, ambayo unene wake ni karibu milimita 0.1. Pengo la karatasi moja linavumilika; mbili, legeza bolti za meza urekebishe. Fensi nayo iwe sambamba na mfereji huohuo, na upande wa nyuma isiisogelee diski kamwe. Huko ndiko mbao inakobanwa, meno ya nyuma yakaiinua, na mashine ikapiga teke, yaani ikakurushia mbao.

Wima wa diski upime kwa skwea kwenye bapa, katikati ya meno, ukijaribu kupenyeza karatasi juu na chini. Halafu hakiki kwa mkato: kata ubao, geuza kipande kimoja juu chini, visimamishe kando kwa kando na upitishe ukucha kwenye kiungo. Kosa linajionyesha mara mbili ya ukubwa wake.

Kukata kwa kukingama: kigari

Kukingama ni kukata kukatisha nyuzi za mbao. Ukijenga kitu kimoja tu, jenga kigari cha kukatia. Sakafu ni plaiwudi ya milimita 12, karibu 600 kwa 700. Chini yake ni reli mbili za mbao ngumu zinazoteleza kwenye mifereji ya meza bila kucheza. Mfereji wa kawaida una upana wa milimita 19, ila pima wa kwako. Kuta mbili zisimame kwa kimo cha milimita 75 au zaidi, ule wa upande wako uwe na unene wa milimita 40. Nyuma ya ukuta huo, pale diski itakapotokea, gundisha kibweta cha mbao cha 75 kwa 75, urefu 100. Gundi tu, bila msumari wala skrubu, kwa kuwa diski itaingia ndani yake. Juu ya njia ya diski, kutoka ukuta hadi ukuta, funga kifuniko cha plastiki ngumu ya milimita 6 kilichopinda kuwa handaki. Fundi anayeona hutumia plastiki angavu. Wewe hata plaiwudi inafaa.

Kisha vishikio viwili, kila kimoja sentimita 20 kutoka kwenye mstari wa diski, na klampu mbili za wenzo za kushikilia mbao juu ya kigari. Diski ikizunguka mikono yote miwili iko kwenye vishikio, na mbao inashikwa na klampu. Hakuna mkono juu ya mbao, hata kwa kipande kirefu. Mwisho funga kizuizi kwenye meza ya kupokelea, kigari kisimame mara diski inapomaliza kukata mbao na kuingia kwenye ukuta, kabla haijafika mwisho wa kibweta. Utahisi gongo, utavuta kigari nyuma hadi kizuizi cha mbele, utazima. Gongo mbili ndizo zinakupa habari ambayo mwenzako anaipata kwa jicho.

Uzuri wa kigari ni kwamba ule ufa diski ilioukata kwenye ukuta ndio mstari wa mkato wenyewe. Funga ndoano nyembamba ya chuma kwenye ncha moja ya rula yako ya M6, iingize kwenye ukingo wa ufa, sukuma stopa hadi iguse ncha ya pili, funga. Kwa alama ya kwenye mbao, tumia kisu badala ya penseli: ingiza bapa jembamba la chuma kwenye mfuo wa kisu na lilingane na ukingo wa ufa. Ukibadilisha diski ya mkato mpana kwa ya mkato mwembamba, ufa haufai tena. Badilisha kibao cha uso wa ukuta. Wengi hulisahau hili, halafu wanashangaa kazi yote imehama milimita moja.

Usikate kwa kukingama ukitumia fensi kama stopa. Kipande kinachobaki kati ya diski na fensi hakina pa kwenda, kikipinda kidogo kinarushwa. Meno ya diski ya milimita 250 kwa mizunguko 4,000 kwa dakika yanakwenda zaidi ya mita 50 kwa sekunde.

Kupasua

Nikwambie wazi: kama una msumeno wa mkanda, pasua huko, kisha randa kwa mashine. Mkanda unasukuma mbao chini kuelekea meza, haupigi teke. Msumeno wa meza ubaki kwa kupasua mbao iliyokauka na iliyonyooka, yenye upande mmoja wa kuegemea fensi ulionyooka kweli. Nyosha kwanza, na hakiki kwa rula ndefu na ukucha. Ubao uweke mezani, gonga kona kwa kona. Ukisikia kugongagonga, umepinda, haupasuliwi hapa. Mbao ya zamani ipitishie kigunduzi cha chuma kinacholia au kutetemeka.

Kisu cha nyuma ya diski, kile kibapa kinachozuia mkato usijifunge, hakiondolewi. Unene wake uwe mkubwa kuliko bapa la diski na mdogo kuliko mkato: kwa mkato wa 3.2 na bapa la 2.2, kisu cha 2.5 hadi 2.8. Umbali wake na meno uwe milimita 3 hadi 8. Kinga ya juu nayo ibaki, iguse mbao. Kibamba cha mdomo wa diski, kile kinachofunika tundu la meza diski inamotokea, kitengeneze cha mbao au plaiwudi, kikatwe na diski yenyewe, ili vipande vyembamba visidumbukie na kunaswa. Wewe huoni kijiti kinachochezacheza kando ya meno, kwa hiyo kisiwepo.

Kusukuma fanya kwa kigari kinachopanda fensi: mbavu mbili za plaiwudi zinaikumbatia fensi, urefu wa sentimita 40, na kishikio kiko juu ya fensi yenyewe, si juu ya diski. Upande wa mbao kuna ubavu wenye kisigino kinachochomoza chini kushika mwisho wa mbao. Kiwe cha mbao laini, kibadilishike. Mkono wako unafuata fensi, hauna njia nyingine. Weka stopa kwenye fensi isimamishe kigari kisigino kikishavuka diski kwa sentimita 5. Mkono wa kushoto hauna kazi hapo: vibao vya vidole, yaani vibao vilivyochanwa mwisho kama kitana, vilivyofungwa kwa klampu, vinabana mbao dhidi ya fensi, mbele ya meno kabisa, kamwe si kando yake. Kikiwekwa kando ya diski kinafunga mkato na kuleta teke lilelile unalolikimbia. Kwa kazi nyingi za kupasua, kilishio cha mota chenye magurudumu ya mpira yanayoisukuma mbao ndicho ningekushauri ununue kabla ya kitu kingine chochote, maana mikono inabaki mbali kabisa.

Simama kushoto ya mstari wa diski, kwenye mkeka wa mpira ambao ukingo wake unausikia kwa mguu. Nyuma kuwe na meza ya kupokelea, si mtu wa kuvuta. Msaidizi akivuta mbao anaipinda bila wewe kujua. Kama yupo, akae karibu na swichi.

Sikio, pua, na mashine ya kugundua kidole

Usikivu wako ndio macho yako, na mashine hii hupiga kelele zaidi ya desibeli 85, kiwango kinachodhuru masikio. Vaa kinga ya masikio ya kielektroniki inayopitisha sauti ndogo na kukata kubwa, au vizibo vinavyopunguza sauti zote kwa usawa. Vizibo vizito vya sponji vitakuzibia habari. Sauti ya mota ikishuka, unasukuma haraka au mkato unabana: punguza, na isipopanda zima kwa mguu huku umeshikilia mbao palepale, usiivute nyuma. Harufu ya kuungua maana yake diski butu au fensi imeisogelea diski upande wa nyuma. Miwani ya kinga vaa vilevile. Jicho lisiloona linaumia kama lingine.

Mashine inayosimama ikigusa mwili, teknolojia iliyoanzishwa na SawStop, hutambua kwamba mwili unapitisha umeme na kusimamisha diski ndani ya milisekunde 5 hivi. Inaokoa vidole kweli. Kama una uwezo, nunua. Lakini haizuii teke, breki yake na diski huharibika kila ikipiga, mbao mbichi au aluminiamu vinaweza kuiamsha, na vipande vyako vya aluminiamu visiwe karibu inapozunguka. Ikizimwa ili kukata mbao yenye maji, ni msumeno kama mwingine. Kwa pesa chache, kigari, seti ya vipande na kilishio vije kwanza.

Kuna mikato ambayo ningekuomba uiache kwenye mashine hii: kipande kifupi kuliko sentimita 30 kwa kupasua, mkato wowote wa mkono mtupu bila fensi wala kigari, mbao ya mviringo, na mifereji inayolazimu kuondoa kisu na kinga. Mifereji ifanye kwa ruta iliyofungwa kwenye meza yenye kifuniko, au kwa randa ya mkono. Kabla ya mkato wa kwanza, pitisha kigari na kile kigari cha fensi mara nyingi diski ikiwa chini ya meza na plagi kwenye ndoano, hadi miguu ijue mkeka unaishia wapi na mikono iijue kila gongo. Kisha anza na ubao laini wa milimita 20, mkato wa kukingama, mara kumi, kipimo kilekile, na uvipange vipande hivyo kwenye kiganja uone kama vinalingana.